Umeokota kambwa? Mwongozo kamili wa kukatafutia nyumba Nairobi, na kasirudishwe baada ya wiki mbili

Naona meseji ile ile kila wiki. "Nimeokota kambwa, nimeposti picha, watu themanini wamesema aki ni kazuri, na hakuna hata mmoja amekuja." Ama ile ingine inayouma zaidi: mtu alikuja kweli, akakabeba, akashukuru, na siku ya kumi na mbili amesimama kwa geti na katoni ile ile.

Nairobi ina watu wengi wanataka mbwa, hiyo sio shida. Shida ni haraka. Mtu anaokota saa moja jioni, saa moja na robo ashaposti picha ya kambwa kamelowa maji, na wa kwanza kuandika "nipe mimi" ndiye anapewa. Mimi nilifanya hivyo na Chapo. Nilimtoa kwa mtaro Githurai, ana madoa ya kahawia kama chapati iliyosahaulika kidogo kwa moto, na dakika arobaini baada ya kuposti nilikuwa nimempatia jamaa mpole sana aliyeniambia anapenda mbwa tangu utotoni. Wiki mbili baadaye nilipita huko nikampata amefungwa kwa tenki ya maji na ile waya nyembamba ya mafundi wa mjengo, bakuli imejaa maji ya mvua na majani. Jamaa hata hakubisha nilipomchukua tena. Aliniambia tu, "kumbe hawa mbwa wanakula hivi."

Kwa hivyo hii yote hapa chini ni ya raundi ya pili.

## Vitu vya kutafuta kwanza

- Katoni kubwa na sweta kuukuu ya mtumba (sweta mbili, moja ikifuliwa ingine inatumika)
- Chupa ya plastiki ya kutia maji moto, na soksi ya kuifunika
- Glavu au taulo nzito
- Bakuli mbili zisizopinduka
- Magazeti ya kutandika, sabuni, Jik
- Mkanda wa shingoni wa kitambaa na kamba fupi
- Daftari
- Pesa ya veti na nauli. Bei zinatofautiana sana kliniki moja na ingine, kwa hivyo piga simu mbili tatu uulize kabla ya kutoka nyumbani
- Wiki nne za maisha yako. Kama huna, tafuta rafiki aliye nazo kabla hujakaleta kwa nyumba

## Hatua ya 1: Hakikisha kameachwa kweli

Ukipata tumbwa kadhaa chini ya kibanda, tumenona na tumelala moja juu ya ingine, usiguse. Mama yao pengine ameenda bucha kutafuta matumbo, atarudi. Kaa mbali masaa kadhaa uangalie. Kambwa kanafaa kukaa na mama na ndugu zake mpaka wiki ya 8 hivi, sio kwa sababu ya maziwa peke yake, ni pale kanajifunza kwamba kuuma sana kunaumiza mwenzake. Wale walitolewa mapema sana ndio wanakuja kutafuna watoto wa watu mikono.

Lakini kakiwa pekee yake, kanatetemeka, mvua inanyesha, chukua.

Halafu uliza. Soja, mama mboga, na zaidi watu wa steji ya boda, hao wanajua mbwa wote wa mtaa kwa majina na kwa tabia. Weka pia kwa grupu la esteti, lakini alama moja ufiche, mfano ule ukucha mweupe ama doa la tumboni. Mwenyewe wa kweli atakuambia bila kuambiwa.

Onyo: shika na glavu ama taulo. Kichaa cha mbwa kinapita kwa mate, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kakikuuma ama kukukwaruza hata kidogo, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, saa ni hiyo hiyo, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usingoje kuona kama kataugua. Na usipake pilipili wala mafuta taa.

Hatua imeisha ukiwa umeuliza siku mbili na hakuna mtu amejitokeza na ile alama yako.

## Hatua ya 2: Joto kabla ya chakula

Hapa watu wengi wanaua kambwa kwa huruma. Kakiwa baridi tumbo halifanyi kazi, ukikalisha chakula kinakaa tu humo ama kanapaliwa. Kapashe kwanza. Chupa ya maji moto ndani ya soksi, upande mmoja wa katoni, ndio kakisikia joto limezidi kaweze kusonga upande ule mwingine. Masikio na makucha yakishika joto ndio ulishe.

Maziwa ya ng'ombe hapana, yanaleta kuhara na kuhara kwa kambwa ka kilo moja ni hatari kweli. Kama meno hayajatoka na hakajui kulamba, hako bado ni ka kunyonya, peleka kwa veti leo upate maziwa maalum ya tumbwa. Kama meno madogo makali kama sindano yako, anza na ugali laini umechanganywa na nyama ya kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), kidogo kidogo mara nne kwa siku. Kama kalikaa njaa siku nyingi, usijaze sahani. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inavunjika kama glasi.

Kuogesha ngoja kesho, saa sita mchana, jua likiwa limewaka. Kapanguse vizuri. Kambwa kalikolowa usiku wa Julai Nairobi kanaweza kukufia asubuhi.

Kuhusu kupe: Chapo alikuwa nazo ndani ya masikio zimepangana kama mbegu za papai. Nilitoa moja moja na kibano, unashika karibu kabisa na ngozi unavuta polepole bila kuzungusha, nikizitia kwa mkebe wa maji ya sabuni, nikahesabu mpaka 60 nikachoka kuhesabu. Kuna mtu atakuambia paka mafuta taa, mwingine atakuletea ile dawa ya kuogeshea ng'ombe. Zote mbili ni sumu kwa kambwa kadogo. Na hata kakilia usiku kwa maumivu usikape Panadol.

Umefaulu kakila, kakalala kamejinyoosha badala ya kujikunja kama donge, na ufizi ukiwa wa pinki sio mweupe. Ufizi mweupe maana yake damu imepungua, mara nyingi ni minyoo na kupe, na hiyo haingoji.

## Hatua ya 3: Veti, kabla ya posti ya kukapeana

Tumia veti aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na usione haya kuuliza. Ukiwa upande wa Kangemi, Uthiru ama Kinoo, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete.

Mambo unayotaka yafanyike:

Umri. Veti anaangalia meno. Yale ya mbele ya utotoni yanaanza kung'oka kwenye miezi 3 na nusu mpaka 4. Umri ndio unapanga chanjo zote, kwa hivyo usibahatishe.

Minyoo. Dawa inapimwa kwa uzito. Mimi nilipima Chapo kwa mzani wa duka la nafaka, mwenye duka akasema sawa bora nitandike gazeti. Kambwa kanarudia dawa kila wiki mbili mpaka miezi miwili hivi, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Minyoo ya mbwa inaweza kuingia kwa watoto wa binadamu pia, hiyo mwambie anayekuja kuchukua.

Chanjo. Ile ya parvo na distempa (magonjwa mawili ya virusi yanayoua tumbwa) inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Sindano moja haitoshi, na hapa ndipo wengi wanaanguka, wanachanja mara moja wanasema kamechanjwa. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida ni kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka.

Toka na kadi, imeandikwa tarehe ya dozi inayofuata. Bila kadi hujamaliza hatua hii.

## Hatua ya 4: Kaa nako siku 14 bila kuposti

Najua hutaki kusikia. Lakini parvo inaweza kujificha mwilini siku kadhaa, hata kufika wiki mbili, kabla ya kutapika na kuhara damu kuanza. Ukikapeana siku ya tatu na kafe siku ya sita, umemuuzia mtu huzuni, na kama ana mbwa mwingine nyumbani umempelekea ugonjwa. Wiki hizi mbili kasiguse mbwa mwingine, kasitembee nje pale mbwa wa mtaa wanapita.

Sababu ya pili ni kwamba hukajui bado. Kambwa kanakoogopa kanakaa kimya na watu wanasema "katulivu sana", ikifika siku ya kumi unapata ni kashetani kadogo kanakula viatu. Andika kwa daftari kila siku: kamekula nini, choo kikoje, kanaogopa nini, kanapenda nani. Chapo aliogopa fagio. Sio mtu, sio pikipiki, fagio. Hiyo ilinieleza mambo yake ya nyuma kuliko mtu yeyote angenieleza.

Wakati huo huo kazoeshe Nairobi. Mpaka wiki ya 14 hivi ubongo wao uko wazi kupokea vitu vipya, baadaye kila kitu kigeni ni adui. Honi ya matatu, mvua kwa mabati, mtu wa gumbuti, mtoto anayekimbia, mama aliyevaa buibui, blenda, adhana. Kabebe mkononi kaangalie kutoka mbali, kapate nyama kidogo, mrudi.

Kwa choo: kila kakiamka na kila kakimaliza kula, peleka pale pale kwa gazeti. Kakikosea usikagonge wala usikasugue pua kwa mkojo, kanajifunza tu kujificha chini ya kitanda kufanya hiyo kazi.

## Hatua ya 5: Picha na maneno

Picha ya kambwa kakiwa mtaroni inaleta huruma, na huruma ya watu inakaa siku mbili. Wewe unatafuta mtu wa kukaa nako miaka 12. Piga picha kambwa kakiwa kasafi, mchana, simu ukiishusha mpaka usawa wa macho yake, na moja ikiwa na mtu mzima kando yake ili ukubwa uonekane. Ongeza video ya sekunde 20 kakila ama kakicheza.

Maneno yawe ya kweli. Mimi ya Chapo niliandika hivi:

"Anaitwa Chapo, dume, miezi mitatu, koko wa kawaida wa Nairobi. Amechanjwa mara mbili, amepewa dawa ya minyoo, kadi iko. Anapenda watoto wakubwa, anaogopa fagio, anatafuna viatu ukiviacha chini. Anahitaji mahali pamezibwa na mtu wa nyumbani mchana. Nitauliza maswali na nitakuja kuona nyumba."

Ule mstari wa mwisho peke yake ulipunguza wateja nusu, na hao nusu sikuwataka.

Usiandike BURE kwa herufi kubwa. Usiseme ni mchanganyiko wa Jamani Shepadi kama hujui, mbwa atakua masikio yalale na wewe uitwe tapeli. Na usiweke nyumba yako iko wapi. Kuna pia wale wa "nitakutumia pesa, tuma kwanza nauli ya boda kwa M-Pesa", hao block tu.

## Hatua ya 6: Maswali, na hii ndio kazi yenyewe

Piga simu, usichat. Kwa meseji mtu ana muda wa kutunga.

"Atalala wapi usiku, na mchana atakuwa wapi?" Unataka jibu lenye vitu ndani yake: veranda, kibanda, jikoni nyuma. "Atakaa tu kwa kompaundi" sio jibu.

"Nyumba ni yako ama ya kupanga?" Kama ni ya kupanga, landlodi amesema nini? Sio "hana shida", nataka kuona meseji yake ama niongee na keateka. Tumbwa wengi wanaorudishwa hawajarudishwa na mwenyewe, wamerudishwa na keateka.

"Nani atakuwa anamlisha?" Anakuambia ni mimi, lakini anatoka saa kumi na moja asubuhi kukimbia jamu na anarudi saa tatu usiku, kwa hivyo atakayemlisha ni dada wa kazi. Basi niongee na huyo dada. Niliwahi kumpigia mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi naogopa mbwa, lakini usimwambie mama nimesema." Hiyo nyumba tuliiacha.

"Ulikuwa na mbwa mwingine? Alienda wapi?" Kama alikufa kwa kutapika na kuhara damu mwaka huu, kambwa kako kasikanyage hapo mpaka kamalize chanjo zote, virusi vya parvo vinakaa kwa udongo miezi mingi. Kama watatu wote "walipotea", geti lina shida, ama mwenye geti.

"Desemba mkienda ushago anabaki na nani?" Naipenda hii kuliko zote. Mtu aliyejipanga ana jina tayari. Asiyejipanga ananyamaza, halafu anacheka.

"Unamtaka wa kulinda?" Sio jibu baya, watu wengine huona kulinda ni dhambi, mimi sioni. Lakini kambwa ka miezi miwili hakalindi kitu, kenyewe ndiko kanahitaji kulindwa, na anayetaka ulinzi wiki hii atakafunga cheni ati kawe kakali. Huyo muelekeze atafute mbwa mkubwa. Vile vile kuna familia za Kiislamu hazitaki mbwa ndani ya nyumba kwa sababu ya mate, wanamweka nje na kibanda kizuri na chakula cha kutosha, na hiyo ni nyumba nzuri kabisa. Uliza, usidhani.

Wa kukataa bila kujieleza sana: anayeuliza kwanza kama ni jike na atazaa lini, anayetaka leo leo, anayetuma boda kuja kuchukua, na anayesema kuja kuona nyumba ni kumdharau.

Kuhusu kuomba malipo, watu wanabishana. Mimi naomba arudishe pesa ya chanjo moja, baada ya kuona nyumba sio kabla. Anayeshindwa na hiyo atashindwa na zile za mbele.

## Hatua ya 7: Nenda ukaone

Nenda mchana, na mwenzako, na umwambie mtu mahali unaenda. Kambwa kabaki nyumbani, ukienda nako huwezi tena kusema hapana, nakuambia.

Angalia kivuli kiko wapi saa nane mchana, maji ya mvua yanapita wapi, kama kuna sumu ya panya, shimo la choo, ama tenki isiyo na kifuniko. Halafu geti. Kwa yule mwalimu mstaafu wa Uthiru aliyetaka Chapo, kila kitu kilikuwa sawa mpaka nikapiga magoti nikapitisha mkono chini ya geti, ukaenda mpaka begani. Mama alicheka sana akisema mimi ni askari wa jiji. Nilimwambia pole mama, pale mkono unapita Chapo anapita, na nje ni barabara. Jumamosi iliyofuata alinitumia picha ya fundi amepigilia ubao chini ya geti lote, bila mimi kumkumbusha.

Hiyo ndio alama unayotafuta. Nyumba yenye shimo haikosekani, angalia mtu anafanya nini akionyeshwa shimo.

## Hatua ya 8: Karatasi na safari

Andika ukurasa mmoja, majina, nambari za vitambulisho, tarehe, sahihi za wote wawili. Mambo manne yanatosha: atamaliza chanjo, atahasiwa ama kufungwa kizazi muda veti atakaosema, hatauzwa wala kupewa mtu mwingine, na akimshinda anarudi kwako saa yoyote. Hakimu pengine hutamwona kwa hiyo karatasi, lakini mtu akishatia sahihi anafikiria mara mbili. Hiyo ya kizazi usiilegeze. Jike anaweza kuingia joto akiwa na miezi sita tu, mimba ni siku 63 hivi, na watoto hao wote watakuja kwa simu yako.

Hamisha asubuhi, wikendi, sio jioni. Kambwa kapate mchana mzima wa kunusa kabla giza kuingia. Usikape chakula masaa matatu kabla ya safari. Kwa matatu tumia katoni yenye matundu, saa ambazo watu si wengi, na umuulize konda kabla ya kupanda sio akishaona. Boda na kambwa mkononi bila katoni, hapana.

Peana kadi, chakula cha siku tatu cha kile kile kamezoea, na ile sweta bila kuifua. Ina harufu yake.

## Hatua ya 9: Siku 3, wiki 3, miezi 3

Siku ya tatu piga simu. Kulia usiku, kukataa kula mlo mmoja, kujificha, hayo ni kawaida, watu wanaogopa wanataka kurudisha na wanahitaji tu kuambiwa ngoja. Kutapika, kuhara damu, ama kulala bila kuamka ni veti siku hiyo.

Wiki ya tatu uliza choo, viatu, na tarehe ya sindano. Miezi mitatu uliza picha, na angalia shingo kwenye picha: manyoya yaliyoisha pande zote ni cheni.

Akikuambia ameshindwa, chukua bila maneno mengi. Ukimgombeza, wa pili atakayeshindwa hatakuambia, atakaacha kando ya Thika Road usiku.

## Kama wiki sita zimepita na hakuna mtu

Badilisha picha zote, kameshakua. Tafuta nje ya Nairobi kidogo: Rongai, Kitengela, Juja, kuna ploti na nafasi. Kisha piga simu KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, wako Langata Road upande wa Karen, uulize kama kuna nafasi kabla ya kwenda. Usiende ukafunge kwa geti yao uondoke. Kutesa mnyama ni kosa kwa sheria ya Kenya, Sura ya 360, na zaidi ya sheria, soja atakuona.

Na kakishaenda, ile katoni tupa. Usiiweke stoo ukisema itasaidia siku ingine. Sakafu pigia Jik, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, acha dakika kumi ndio usuuze. Kwa sababu utaokota kengine, watu wa steji washajua mlango wako.